Ukienda shuleni kumtetea mwanao, nenda na barua

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa naingia ofisini kwa mwalimu mkuu kama mtu aliyekwenda kukopa. "Samahani mwalimu, naomba mumfikirie mwanangu." Binti yangu ana uoni hafifu. Maandishi ya ubaoni kwake ni ukungu mtupu, na ya kitabuni huyasogeza mpaka pua iguse karatasi. Alikuwa akirudi nyumbani na wino puani. Jibu nililopewa halikubadilika: "Mama, tumempokea pamoja na wenzake, unataka nini tena?"

Nilikosa la kusema, maana hata mimi niliamini kupokelewa ndiyo elimu jumuishi yenyewe. Sivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unazungumzia elimu katika ibara ya 24. Mwaka 2016 kamati inayosimamia mkataba huo ilifafanua ibara hiyo bila kumung'unya maneno: kumweka mtoto katika darasa la kawaida huku mengine yote yakibaki vilevile si kumjumuisha.

Humo mna maneno mawili ambayo natamani kila mzazi ayashike: marekebisho yanayofaa. Ni yale mabadiliko anayohitaji mtoto huyu mmoja, kwa hali yake, ili asome sawa na wenzake, mradi yasiwe mzigo uliopita kiasi kwa shule. Na ibara ya 2 inasema kumnyima mtu marekebisho hayo ni ubaguzi. Nilipoisoma mara ya kwanza nililia, kwa sababu nilikuwa nimeomba msamaha miaka miwili kwa jambo ambalo ni haki.

Nchi zaidi ya 180 zimeridhia mkataba huu, na nyingi zina sheria zao za watu wenye ulemavu au za elimu. Tafuta ya kwenu. Huhitaji kuisoma yote; toa nakala ya kifungu kinachohusu shule, ukiambatanishe na barua.

Barua yenyewe ndipo wengi tunapokwama. Tunaandika "naomba mwanangu asaidiwe", na mwalimu mwenye darasa lililofurika hajui aanzie wapi. Taja kitu chenyewe. Mimi niliandika "karatasi za maandishi makubwa", nikadhani nimemaliza. Shule ikazikuza kwa mashine kutoka A4 kwenda A3. Herufi za ukubwa wa 12 zikafika kama 17 tu, bado hazimtoshi, na karatasi ikawa pana kupita dawati. Binti yangu ndiye aliyeniambia: "Mama, nikisoma upande huu, ule mwingine unaanguka." Barua ya pili ilisema: maswali yachapwe upya kwa herufi za 24, kwenye karatasi ya A4. Likafanyika ndani ya wiki moja, kwa sababu mtihani ulikuwa tayari kwenye kompyuta. Kwa hiyo muulize mtoto kabla hujaandika. Yeye ndiye anayekaa kwenye lile dawati.

Baki na nakala yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea. Shule ikikataa, omba sababu kwa maandishi. Anayedai mzigo ni mkubwa mno ndiye anayepaswa kuuthibitisha, si wewe. Usigombane na mwalimu wa darasa; mara nyingi naye hajafundishwa lolote kuhusu haya, na ndiye utakayemhitaji kesho.

Mitihani ya taifa iombee mapema sana, muda wa ziada pamoja na karatasi zinazomfaa. Kuhusu vitabu, ulizia kama nchi yenu imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, unaoruhusu vitabu vigeuzwe kuwa nukta nundu, maandishi makubwa au sauti kwa ajili ya wasioona na wenye uoni hafifu, bila kusubiri kibali cha mwenye hakimiliki.

Kila mwaka mwalimu hubadilika, nasi huandika upya. Safari hii ombi la tatu alilitamka binti yangu mwenyewe, mimi nikaandika tu: "Mwalimu akiandika ubaoni, asome kwa sauti anachokiandika." Halihitaji hata senti moja, na kwa miaka yote ile halikuwahi kunijia akilini.