Leaf ya vijiti 9: nichukue au niache?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni muuguzi hapa Dar, naishi Mbezi Mwisho na kazini ni Upanga. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 50. Toyota IST yangu imenichosha kwa mafuta. Kuna yadi ina gari la umeme, Nissan Leaf ya 2014 iliyotoka Japani, dashibodi inaonyesha vijiti 9 kati ya 12 vya betri, na dalali anasema likijaa linakwenda kilometa 228. Nichukue? Nikichaji kwa soketi ya chumbani itatosha, na LUKU haitanimaliza? Masika Jangwani ikijaa maji je? Na nikitaka kwenda kumsalimia mama Morogoro?

JIBU: Nzuri, dada. Pole na foleni.

Dalali wako hajaitunga hiyo 228. Ni namba ya Nissan wenyewe kwa Leaf ya betri ya uniti 24, kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08, gari likiwa jipya kabisa. Marekani walipolipima la 2014 kwa utaratibu wao walipata maili 84, yaani kilometa 135. Na hilo nalo lilikuwa jipya. La kwako lina zaidi ya miaka 10.

Uniti za betri ni zilezile za LUKU, kwa hiyo hesabu yake unaiweza. Betri ya uniti 24 ikiwa mpya, gari linakuruhusu kutumia 21 hivi. Sasa angalia dashibodi vizuri, maana watu wengi wanachanganya: vijiti virefu ni chaji iliyomo leo, vile vidogo vya pembeni ndivyo ukubwa wa tangi lenyewe. Kijiti kidogo cha kwanza hupotea betri ikishapungua kama asilimia 15. Baada ya hapo kila kimoja ni asilimia 6 na ushee. Vijiti 9 maana yake umebaki na asilimia 66 hadi 72. Ni kama ununue IST ambayo theluthi ya tangi lake imezibwa na haizibuki.

Vijiti 9 vina historia yake. Mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walianza kulalamika kwamba vijiti vinapotea mapema kwa joto. Betri ya Leaf haina maji wala feni ya kuipoza, inategemea hewa inayopita tu. Nissan wakaongeza dhamana: betri ikishuka chini ya vijiti 9 ndani ya miaka 5, wanaitengeneza au kuibadilisha. Kwa hiyo gari unalolitazama limesimama juu ya mstari ambao kiwanda chenyewe kilisema chini ya hapa ni ubovu. Betri za kuanzia 2014 hivi zilibadilishwa kemia zistahimili joto zaidi, na hiyo ni heri. Dar hatufiki nyuzi 45 za Phoenix, lakini pia hatuna baridi ya kuipumzisha betri hata mwezi mmoja. Gari hilohilo likiwa Njombe au Nairobi ningekujibu kwa moyo mwepesi zaidi.

Tupige hesabu ya njia yako. Asilimia 70 ya 21 ni kama uniti 15. Kwa mwendo wa mjini na AC ikiwaka, uniti moja inakupeleka kilometa 6 hadi 7, kwa hiyo ni kilometa 90 hadi 105 mpaka gari ligome. Lakini huendeshi mpaka ligome. Leaf ikikaribia kuishiwa inawasha picha ya kobe na kuvuta miguu kama yeye, na hutaki kukutana na kobe juu ya daraja la Ubungo saa 12 jioni. Acha akiba ya moja ya tano, unabaki na 72 hadi 84. Safari yako ya 50 inaingia.

Foleni, kwa taarifa yako, si adui hapa. IST ikisimama inaendelea kunywa. Mota ya Leaf ikisimama haili kitu. Inayokula ni AC, kati ya nusu uniti na uniti nzima kwa saa kutegemea jua. Ukikaa barabarani saa 3 kwa siku, hesabu uniti 2 zimekwenda kwenye ubaridi tu.

Kwa hiyo leo linatosha. Tatizo ni kwamba ile akiba yako ndiyo itakayoliwa na miaka. Likishuka vijiti 8, kisha 7, siku ya zamu ndefu ukipitia Kariakoo na kumchukua mtoto Sinza utaanza kuzima AC ili ufike nyumbani. Nimeona wateja wakiishi hivyo, na ni maisha ya kero. Ningekuwa wewe ningeliacha, labda bei yake ishuke kweli na IST ibaki nyumbani. Tafuta la 2016 au 2017 lenye betri ya uniti 30 na vijiti 11 au 12. Mfuko ukiruhusu, chukua umbo jipya lililotoka Oktoba 2017 lenye uniti 40. Hilo hata likichoka asilimia 20 bado lina mara mbili ya hizo 15 zako.

Lakini hata ukiambiwa vijiti 12, usiviamini kwa macho. Kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu kwa mashine, ikadhani betri ni mpya, vijiti vyote vikarudi. Mteja mmoja alinijia na Leaf aliyoinunua ikiwa na 12. Mwezi wa pili tangu ainunue ilikuwa na 9, na aliyemuuzia hapokei simu. Mafundi tunatumia programu ya simu inayoitwa LeafSpy, pamoja na kidude cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya vipimo chini ya usukani. Inakuonyesha asilimia ya afya ya betri, imechajiwa kwa chaja ya haraka mara ngapi, na volti za jozi zote 96 za seli, moja moja. Hapo kwenye seli ndipo pa kukodolea macho. Betri ikiwa imeshuka chaji, panda nayo mlima mmoja wa maana huku ukitazama: seli moja ikizama mbali chini ya wenzake, hiyo ndiyo itakayokusimamisha barabarani hata kama nyingine zote ni nzima.

Ila kumbukumbu ikishafutwa, ile asilimia ya afya nayo inadanganya kwa muda. Kisichodanganyika ni mita ya umeme. Waambie yadi waliendeshe mpaka taa ya kwanza ya chaji kuwa chini iwake. Hapo betri ina kama uniti 4. Kisha lichajiwe mpaka likate lenyewe, kupitia kimita kidogo cha kuchomeka kwenye soketi. Kwa betri ya 24 iliyo nzima zitaingia karibu uniti 20, ukijumlisha na zinazopotea kwenye joto la kuchaji. Zikiingia 13, hivyo ni vijiti 9 hata kama dashibodi inasema 12. Wakikataa kipimo hicho, umeshapata jibu lako.

Sasa soketi. Ya chumbani, na ekstensheni kupitia dirishani? Hapana, dada. Birika la umeme linavuta mzigo unaokaribiana na huu, lakini kwa dakika 5. Gari linavuta saa 4 au 5 mfululizo, usiku, umelala. Plagi zetu za miguu mitatu zimeandikwa ampea 13, lakini kwa saa nyingi hivyo hazitakiwi kupita 10, na hapo nazungumzia plagi halisi, si zile za bei ya jioni. Zilizoyeyuka ninazo kopo zima gereji.

Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye sakiti breka: waya wa mm 4, breka ya ampea 20, kinga ya kukata umeme ukivuja ya miliampea 30, na soketi ile ya viwandani ya bluu ya ampea 16. Apime pia ethi. Kuna nyumba Dar zina waya wa ethi ambao haujafika ardhini, na kifaa cha kuchajia chenye akili kitagoma kuwasha mpaka ethi iwepo. Wengi wanadhani kimeharibika na kuanza kutafuta fundi wa kukidanganya. Usikubali. Kinagoma ili ukishika bodi ya gari siku ya mvua usirushwe.

Waya wa kuchajia uliokuja na gari kutoka Japani ni wa volti 200 na ampea 15, wenye plagi ya kwao. Mitaani wanakata ile plagi na kufunga ya ampea 13. Nimeshakwambia kuhusu kopo langu. Nunua kifaa cha volti 230 chenye kichwa kinachoingia kwenye Leaf ya Japani, unachoweza kukiweka ampea 10. Kwa ampea 10 unapata uniti 2 na kidogo kwa saa, na matumizi yako ya siku yanarudi kabla hujaamka. Weka saa ya kuchaji ndani ya gari ianze usiku wa manane: umeme wa jioni unapokuwa mdogo kila nyumba ikipika utakuwa umepita, na betri haitakaa imejaa pomoni muda mrefu kabla hujaondoka. Kukaa imejaa huku kuna joto ndiko kunakoizeesha. Umeme ukikatika ukarudi, vifaa vingi vinaendelea vyenyewe. LUKU ikiisha usiku, haviendelei.

Na hela yenyewe? Kilometa 50 ni kama uniti 8 kwenye betri, 9 kwenye mita. Siku 26 ni uniti 234 kwa mwezi. Kwa tarifu ya kawaida, ile ambayo 10,000 inakupa uniti 28, ni karibu shilingi 83,500. IST yako kwenye foleni, tuseme kilometa 11 kwa lita, kwa kilometa hizo 1,300 inakunywa lita 118. Petroli ikiwa 3,000 hiyo ni 354,000. Angalia kitu kimoja tu: kama sasa uko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, wale wa chini ya uniti 75 kwa mwezi, gari litakutoa humo. Uniti zako 75 za nyumbani ulizokuwa unalipia kama 9,000 zitakuwa karibu 27,000. Bado umeokoa, lakini usije ukasema hukuambiwa. Na kama LUKU mnachangia na wapangaji wenzako, mfungiwe mita ndogo kabla gari halijafika, maana hiyo kesi itafika kwa mjumbe.

Matengenezo hayana mengi: hakuna oili ya injini, plagi wala taimingi. Breki zinadumu kwa sababu mota ndiyo inayopunguza mwendo na kurudisha umeme. Bushi na shokapu zinakufa kama za gari lolote. Kuna betri ndogo ya volti 12 chini ya boneti, kama ya IST. Ikifa, gari haliwaki hata kama ile kubwa imejaa, na robo ya Leaf ninazovutiwa gereji kwa kamba ugonjwa wao ni huo tu. Halina tairi la akiba, litafutie. Redio na skrini vinaongea Kijapani.

Mvua. Betri imefungwa ndani ya sanduku la chuma chini ya sakafu, na mvua ya kawaida au dimbwi haliigusi. Jangwani ikijaa ni habari nyingine. Usiingie, kama usivyopaswa kuingia na IST. Ikitokea limezama mpaka sakafuni, usiliwashe wala usilichaji, livutwe kwa gari la kubeba, na asiliguse fundi asiyejua nyaya za rangi ya chungwa. Humo mna volti 360 hivi za umeme wa betri, na kuzima swichi ya gari hakuziondoi kwenye betri. Matuta yasiyo rasmi nayo yapande taratibu, usije ukalichubua hilo sanduku.

Morogoro ni kilometa 190 na ushee kutoka mjini, na gari hili la vijiti 9 halifiki Chalinze na kurudi. La uniti 40 zilizo nzima lingekufikisha kwa mama ukienda polepole, kisha ungelala kwake, kwenye soketi yake, na ethi yake ambayo hatuijui. Panda SGR. Tangu katikati ya 2024 inafika Morogoro chini ya saa 2, nayo ni ya umeme.