Maneno ya kuanza nayo katika Kiingereza

Umeuliza anayeanza kujifunza Kiingereza anahitaji maneno mangapi, na ayachague vipi. Mwaka 1930 mtaalamu wa lugha Mwingereza, Charles Ogden, alipendekeza maneno 850, naye Michael West, mwalimu wa Kiingereza, akachapisha mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000, akizingatia zaidi yale yanayotumika mara kwa mara. Kwa maoni yangu orodha hii ya pili ina manufaa zaidi, kwa kuwa humkutanisha mwanafunzi na maneno atakayoyasikia kila siku.

Hata hivyo, idadi peke yake hupotosha. Kitenzi “get” hubeba maana ya kupata, kufika, kuelewa na hata kugeuka kuwa, na kikiandamana na “up” humaanisha kuamka au kuinuka, kwa hiyo anayekikariri kwa tafsiri moja tu atakwama mapema. Ninakusihi ujifunze kila neno ndani ya sentensi nzima, pamoja na maneno yanayoandamana nalo. Vitenzi visivyofuata kanuni, kama “go” ambacho wakati uliopita huwa “went”, vikariri mwanzoni kabisa, maana vingi kati yake ndivyo vinavyotumika zaidi. Majina ya wanyama yanaweza kusubiri.