Nywila ya faiawoli imepotea: kabla hujachomoa waya wa umeme

Kazi hii utapewa mapema kuliko unavyodhani. Aliyesimamia mtandao ameondoka, faiawoli (kifaa kinachochuja trafiki inayoingia na kutoka kwenye mtandao) inapitisha trafiki vizuri tu, ila hakuna anayejua nywila yake. Wewe ndiye mgeni kazini, na mgeni ndiye anayetumwa.

Tunasema "kurejesha nywila", lakini nywila yenyewe hairudi. Kifaa hakiitunzi jinsi ilivyoandikwa, kinatunza alama yake iliyosagwa, hivyo unachofanya ni kuweka mpya mahali pa ile ya zamani. Linalopaswa kukunyima usingizi ni kama mipangilio itabaki: sheria, njia, VPN (miunganisho ya siri kati ya mitandao) zote zile. Kuna vifaa vinavyokuachia, na kuna vinavyofuta kila kitu.

Kwa hiyo usikimbilie waya. Uliza kama kuna mtu ambaye dirisha lake la usimamizi bado liko wazi, au kivinjari chake kilihifadhi nywila. Uliza nakala rudufu iko wapi na ni ya lini. Chunguza pia kama nywila imepotea kweli: mahali ambapo watumiaji huthibitishwa na seva ya RADIUS (seva ya pembeni inayokagua majina na nywila), seva ikilala kila mtu hukataliwa, na dawa yake ni kuamsha seva. Halafu kumbuka kwamba mabadiliko ambayo hayakuhifadhiwa yanaishi kwenye kumbukumbu ya muda. Ukikata umeme, yamekwenda. (Ruhusa nayo ichukue kwa maandishi. Hatua hizi hizi ndizo angezifuata mwizi.)

Cisco ASA, aina mojawapo ya faiawoli, ndiyo iliyonifunza adabu, basi nitakaa nayo kidogo. Unganisha kebo ya konsoli (mlango wa kuandikia amri moja kwa moja kwenye kifaa), kasi 9600, zima kifaa na ukiwashe, kisha bonyeza Esc kinapoanza kuwaka. Ukifika ROMMON (programu ndogo inayokiwasha kifaa), andika "confreg 0x41", halafu "boot". Namba hiyo ni ya rejista ya usanidi, nayo inakiamuru kifaa kiwake bila kusoma mipangilio iliyohifadhiwa. Kitaamka hakijui lolote, kikijiita ciscoasa, nawe utaingia kwa "enable" bila nywila ya zamani.

Hapo tulia, mikono mbali na kibodi. Mazoea yatakusukuma uandike "write memory", nawe utakuwa umehifadhi utupu juu ya mipangilio ya miaka. Kwanza ni "copy startup-config running-config", ili ya zamani ipande kwenye kumbukumbu. Kwa kuwa ulishaingia, hutatolewa nje. Lakini ukitoka mwenyewe kabla ya kuweka nywila mpya, umerudi mlangoni. Badilisha nywila ya enable na ya kila mtumiaji wa ndani unayehusika naye, kisha hakikisha violesura (milango ya mtandao ya kifaa) vimewaka.

Bado kuna hatua moja, nayo ndiyo niliyoisahau mimi: "config-register 0x1", kisha ndipo uhifadhi. Mimi nilihifadhi, nikajaribu nywila mpya, ikakubali, nikaenda nyumbani nikijipongeza. Wiki kadhaa baadaye umeme ulikatika ofisi ile, na uliporudi faiawoli iliwaka tupu, kwa sababu namba ilikuwa bado 0x41 na kifaa kilitii nilichokiamuru. Mipangilio yote ilikuwemo ndani, haikusomwa tu. Nilitumia saa nzima nikilaumu betri. Siku hizi siondoki kabla ya kuandika "show version" na kusoma mstari wa mwisho mwisho unaotaja rejista hiyo.

Jihadhari pia na kifaa ambacho msimamizi wa zamani aliweka "no service password-recovery". Ukijaribu kuingia ROMMON, kitakuuliza kama unakubali flashi yote (hifadhi yake ya kudumu) ifutwe. Soma swali kabla ya kubonyeza y, maana programu ya kifaa nayo itaondoka pamoja na mipangilio.

Faiawoli nyingine zina njia zao. FortiGate za zamani zilikuwa na mlango wa konsoli: mtumiaji maintainer, na nywila ni bcpb ikifuatwa na namba ya seriali ya kifaa. Unakata umeme kabisa, unawasha, unaingia haraka kabla muda haujakwisha, kwa hiyo nywila hiyo iandike pembeni mapema, uje kuibandika tu. Kuanzia toleo 7.2.4 la FortiOS, programu yake, mlango huo umeondolewa, basi jua toleo lako kabla hujapanda ngazi kwenda kwenye rafu. pfSense ni rahisi mno: menyu ya konsoli, chaguo namba 3 la kuweka nywila upya, na sheria zako hazikuguswa.

Palo Alto ndiyo ngumu kuliko zote hizi. Kama huna akaunti yoyote ya msimamizi inayoingia, unaandika "maint" kifaa kinapowaka, unaingia hali ya matengenezo, na utakachofanya humo ni kukirudisha kilivyotoka kiwandani. Baada ya hapo unapakia ile nakala rudufu uliyoiulizia mwanzoni, na akaunti zilizomo ndani yake zitarudi na nywila zile zile usizozijua. Kwa hiyo ukishaipakia, weka nywila mpya ya msimamizi kabla ya kubonyeza commit, amri inayofanya mabadiliko yaanze kazi.