Programu inaonyesha laini ya 12V ya pawa saplai ya kompyuta yangu ikisoma volti 11.2, ya 5V ikisoma 5.08 na ya 3.3V ikisoma 3.31. Je, ni salama?
Ndugu, hizo 5.08 kwenye 5V na 3.31 kwenye 3.3V ziko safi. Tatizo ni 11.2. ATX, kiwango kinachofuatwa na pawa saplai za kompyuta, kwa matoleo ya kabla ya 3.0 kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, yaani 11.40 hadi 12.60. Ila usikimbilie dukani kwanza: namba za programu zinatoka kwenye kihisi cha mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), na hicho hudanganya sana. Chukua multimita (kifaa cha kupimia umeme), iweke DC 20V, ncha nyekundu kwenye waya wa njano wa molex (plagi ya pini nne inayotoka kwenye pawa saplai), nyeusi kwenye waya mweusi, halafu fungua gemu nzito uangalie. Kompyuta ikiwa imetulia tu, kipimo hakikuambii mengi. Ikishuka chini ya 11.4 hapo, badilisha pawa saplai. Na usiifungue, kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme) hubaki na umeme hata ukishachomoa.