Ndugu asiyeona akija Marekani atapata kazi? Majibu yangu kwa nyumbani

Mama mdogo shikamoo, na nyie wengine mlionipigia salamu nimezipata. Umeniuliza mdogo wangu akishafika huku Minnesota kwa mkewe atafanya kazi gani na haoni, halafu baba mkubwa akadakia kwamba asihangaike maana amesikia Marekani asiyeona analipwa na serikali kila mwezi. Ngoja nianze na hilo la baba mkubwa, maana ndio limewaumiza watu wengi sana huku.

Hiyo hela ipo, inaitwa SSI, ila inategemea umeingilia mlango gani. Aliyekuja kama mkimbizi, kama hawa ndugu zetu Wakongo waliotokea kambi ya Nyarugusu, anaweza kuipata mpaka miaka 7 hivi na baada ya hapo kama hajawa raia inakatwa. Mdogo wangu anakuja na grini kadi ya ndoa, na sheria waliyoipitisha 1996 inataka mtu kama yeye akae miaka 5 kwanza na awe na hesabu ya kama miaka 10 ya kazi, hata ya mkewe inaingia humo, au awe raia. Tena mkewe ameshasaini karatasi kwamba yeye ndio atamtunza. Kwa hiyo hiyo hela itoeni kichwani kabisa, msije mkaanza kupanga bajeti ya mabati kwa pesa ambayo haipo.

Kinachomhusu yeye ni kitu kingine ambacho watu wetu hawakiulizi. Jimbo hili lina ofisi ya wasioona, inaitwa State Services for the Blind, kazi yake kubwa ni kumuandaa mtu aingie kazini. Grini kadi inatosha kuingia pale. Wakishapokea maombi wana siku 60 za kusema unafaa au hufai, halafu siku 90 za kuandika mpango wako wa kazi, na ukishasainiwa wanaweza kukulipia mafunzo, kompyuta, programu ya kusoma skrini, fimbo, vitu vyote vilivyoandikwa kwenye mpango. Ambacho hakijaandikwa hupati, kwa hiyo asisaini kwa adabu tu kama tunavyofanya ofisini kwetu, asomewe kila mstari. Na mkalimani anaomba, ni bure, asimburute mtoto wa jirani kumtafsiria mambo yake.

Sasa niwaambie ukweli ambao utawauma kidogo. Kuna kaka mmoja Mkongo tunasali naye, haoni tangu utotoni, alikuja na familia yake. Huyu kaka alikaa ndani ya apatimenti muda mrefu sana na waliomkalisha ni sisi tuliompenda. Chakula kinaletwa, choo anapelekwa kwa kushikwa mkono, Jumapili anabebwa kwenye gari, anaombewa, anapewa bahasha, anarudishwa kwenye kochi. Hakuna aliyemuuliza unajua kufanya nini. Na alikuwa anajua! Kifaransa anakiongea vizuri, Kiswahili, kumbukumbu yake ya majina na namba sijapata kuona kwa mtu mwingine.

Kilichombadilisha ni kituo kimoja hapa Minneapolis, BLIND, Incorporated, ni cha watu wa National Federation of the Blind, chama cha wasioona wenyewe tangu 1940, na walimu wengi pale hawaoni. Unakaa miezi kadhaa. Hata anayeona kidogo anafungwa kitambaa macho ili asitegemee kile kidogo alichonacho. Wanafundishwa kuvuka barabara kubwa kwa kusikiliza magari yanavyoondoka, kompyuta, nukta nundu, kukata mbao kwa msumeno wa umeme, kupika kwenye jiko la moto. Mke wake alilia aliposikia mume kapewa kisu, akataka kumtoa. Mchungaji ndio akamtuliza. Mama mdogo nakuomba na wewe ujiandae, maana mdogo wangu akikupigia akakwambia nimepanda basi peke yangu usiku, usimwambie mkewe amkataze.

Na basi lenyewe sio mchezo, hasa miezi ya baridi. Theluji inafunika ukingo wa barabara fimbo haiupati, kwenye kona mashine zimerundika vilima vya barafu pale pale pa kuvukia, na sauti ya magari inakuwa kama imefunikwa blanketi. Kuna magari ya Metro Mobility ya watu wenye ulemavu, yanakufuata nyumbani, ila unayabuki mapema na mnachangia na wengine, yanaweza kukuzungusha mji mzima wakati kazini wanakusubiri. Halafu matangazo mengi ya kazi yanataka leseni ya udereva hata kwa kazi ambayo huendeshi kitu, hilo linatuudhi sana.

Kazi yenyewe sasa. Yule kaka leo anakalimani kwa simu, hospitali inapiga, mgonjwa anaongea Kiswahili au Kifaransa, yeye yuko nyumbani na hedifoni. Kampuni ya kwanza ilimkubali kwenye usaili halafu programu yao ya kupokelea simu ikawa haisomeki kabisa na programu ya wasioona, wakamuandikia barua pepe tamu ya kumkataa. Sheria ipo, ADA ya 1990, ni ya haki za watu wenye ulemavu, mwajiri mwenye watu 15 na kuendelea hatakiwi kukukataa kwa ajili hiyo kama marekebisho yanawezekana, lakini kesi ni muda na yeye alikuwa na kodi ya nyumba. Kampuni ya pili, mtaalamu wa kompyuta kutoka ile ofisi ya jimbo alikaa na watu wao kwenye simu wakarekebisha, akaanza. Kwa mwalimu anayeongea Kiswahili safi kama mdogo wangu huo mlango nauona kabisa, ila Kiingereza cha hospitali lazima akisome. Kurudi kufundisha darasani inawezekana, ila kuna tathmini ya vyeti na leseni ya jimbo, ni safari ndefu. Na akiambiwa kuna karakana ya walemavu, aulize mshahara kwanza, maana kifungu cha 14(c) cha sheria ya kazi na mishahara ya 1938 kinaruhusu baadhi ya waajiri kulipa walemavu chini ya kima cha chini cha mshahara, wapo watu wamefunga paketi miaka na miaka kwa hela ya nauli.

Sisi jamii huku tumejifunza mambo madogo lakini yanasaidia. Ukimsalimia asiyeona jitaje jina, ule mchezo wetu wa "hebu nitambue mimi nani" tumeuacha. Barua za posta ni nyingi mno, kwa hiyo kuna dada mmoja muaminifu anamsomea yule kaka za benki na za uhamiaji, za kawaida kaka anatumia programu ya simu inaitwa Be My Eyes, unaelekeza kamera mtu wa kujitolea anakusomea. Badala ya kumletea chakula tunaenda naye sokoni.

Kabla hajapanda ndege: aweke NVDA kwenye kompyuta, ni programu ya kusoma skrini kwa sauti, ni bure, iliandikwa na vijana wawili wasioona wa Australia, inasoma na Kiswahili japo sauti ni ya roboti. Ajizoeze kuchapa bila kuuliza herufi iko wapi. Achukue ripoti ya daktari wa macho kwa Kiingereza, vyeti halisi. Nukta nundu asiiache, huku wengi waliopoteza macho ukubwani hawaisomi, yeye ataheshimika nayo.

Na kama mkewe atahamia jimbo lingine nitajieni mapema, maana kuna majimbo ofisi ya wasioona imewekwa ndani ya ofisi ya walemavu wote, jina ni tofauti, nitamtafutia namba yenyewe kabla hajafika.