Saratani ya tumbo inaporudi kwa mzee: ya kuzingatia wodini

Saratani ya tumbo ikirudi baada ya upasuaji, mara nyingi haiponi tena. Tunachopigania ni miezi ambayo mzee anakula, analala na anakaa barazani na wajukuu. Kwa hiyo kabla ya kufungua picha za CT, muulize jana alishindaje. Anaoga mwenyewe? Kilo ngapi zimepungua? Anayeshinda kitandani zaidi ya nusu ya mchana, kemo (dawa za kuua saratani) humuumiza kuliko kumsaidia. Miaka 80 peke yake si sababu ya kumnyima.

Na muulize yeye, si mwanawe. Wazee wengi wanaofika Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, hujieleza vizuri zaidi kwa Kisukuma au Kikerewe. Tafuta muuguzi wa kutafsiri, maana watoto huchuja maneno.

Panapoharibika zaidi ni kwenye figo. Kreatinini (taka ya misuli inayochujwa na figo) ya mikromoli 90 kwa lita inapendeza kwenye majibu ya maabara, lakini bibi wa miaka 78 mwenye kilo 45 misuli imekwisha, haizalishi kreatinini ya kutosha kuonyesha figo zilivyochoka. Piga hesabu: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.04 (mwanamume 1.23), gawanya kwa kreatinini. Unapata kama 32, yaani mililita ambazo figo huchuja kwa dakika. Hapo sisiplatini, dawa ya kemo, haimfai, na kapesitabini, kemo ya vidonge, inashuka hadi robo tatu ya dozi. Chini ya 30 haipewi kabisa.

Kuanza na dozi ndogo si uoga. Utafiti wa GO2 wa Uingereza, uliochapishwa 2021, ulipima wagonjwa 514 wazee au dhaifu: oksaliplatini (kemo ya mshipani) na kapesitabini kwa asilimia 60 ya dozi zilizuia ugonjwa karibu sawa na dozi kamili, na madhara yakapungua.

Homa ya 38 baada ya kemo, hasa siku ya 7 hadi 14, ni dharura. Mgonjwa wa kisiwa cha Ukerewe aondoke na barua ya kuonyesha kituo cha afya cha karibu, ili antibayotiki ianze saa hiyohiyo. Asisubiri kivuko cha asubuhi.

Akitapika chakula cha jana kikiwa vilevile, njia ya kutokea tumboni imeziba. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, hapo huongeza msokoto. Weka mpira wa puani, toa maji, mwite daktari wa upasuaji.

Aliyeondolewa tumbo lote ale kidogo mara 6 hadi 8 kwa siku, na maji anywe nusu saa baadaye. Uji wenye sukari nyingi humtoa jasho na kumharisha. Bora karanga za kusaga na sato wa kuchemsha. Sindano ya vitamini B12 ni ya maisha yote.

Maumivu: mofini ya maji, miligramu 2.5 kila saa 4 (figo zikiwa dhaifu, kila saa 6 hadi 8), na bisakodili (dawa ya kufungua choo) kuanzia siku hiyohiyo, usingoje choo kigome. Kisha afungue mfuko wake wa dawa mbele yako. Diklofenaki, dawa ya maumivu ya dukani, huwa humo, nayo hutoboa tumbo, huvujisha damu na kumalizia figo ulizozipigia hesabu.