Mwana haneni lakini aelewa: ubao wa picha kabla ya tableti

Dada wa Shela, umeuliza ununue tableti gani ya kumsemea mwanao wa miaka 6 mwenye mtindio wa ubongo, anayesikia na kuelewa ila hasemi, na mkono wake hautulii. Pesa hizo ziweke kwanza. Anza na ubao wa picha wa karatasi, ambao mtoto hugusa picha badala ya kusema; haumaliziki chaji wala hauogopi mchanga.

Mkono usiotulia unataka nafasi. Chukua karatasi ya A3 uilaze kwa upana, igawe visanduku 12, safu 3 za vinne vinne, kila kimoja sentimita 8, na kati ya kimoja na kingine acha sentimita 1 nyeupe ili kidole kikiteleza kisiangukie neno la jirani. Picha za ARASAAC, za serikali ya Aragón huko Uhispania, ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. Mahamri, buibui na punda wenu vipige picha kwa simu, kimoja kimoja, juu ya nguo nyeupe isiyo na maua.

Maneno ndiyo huharibu mbao nyingi. Watu hujaza chai, wali, samaki; mtoto akishashiba hana tena la kusema. Vyakula vipe ukurasa wa pili. Wa kwanza uwe na: nataka, sitaki, tena, basi, ndoo, twende, nipe, tazama, nisaidie, naumwa, nini, choo. Mbao zilizotafsiriwa kutoka Kiingereza hutenga “mimi” na “taka”, na Kiswahili hakisemwi kwa vipande hivyo: “nataka” ni kisanduku kimoja, “sitaki” kingine. Tena andika Kiamu chenu, Kiswahili cha Lamu. Mtoto anayeambiwa “ndoo” kutwa, yaani aje, asiandikiwe “njoo”. Mweleze tu anayekuchapishia, la sivyo atakuwekea picha ya ndoo ya maji.

Ukipiga lamineti, acha milimita 5 za plastiki tupu kuzunguka karatasi. Ukikata kwenye ukingo wenyewe wa karatasi, unyevu wa bahari huingia na wino ukachuruzika. Chagua plastiki isiyong'aa, maana juani inayong'aa hugeuka kioo.

Mkao ni nusu ya kazi. Makalio yafike nyuma ya kiti, miguu ikanyage kitu, ubao uinamishwe kama msahafu juu ya marufaa. Mtoto anayeporomoka kitini nguvu zake zote huishia kujishikilia, hapati za kunyoosha kidole.

Sasa hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Usimtahini kwa “nionyeshe choo, nionyeshe tena”. Anza wewe: ukisema “twende chuoni” (madrasani), gusa “twende”, chai ikimwisha, gusa “tena” huku ukimmiminia. Mtoto mwingine husikia akinenewa kama mwaka mzima kabla hajatamka neno; huyu naye anastahili kuuona ubao ukisemwa wiki nyingi bila kudaiwa jibu. Ukiuliza, nyamaza, hesabu hadi 10 moyoni. Misuli ndiyo inayochelewa. Na usihamishe kisanduku hata kimoja, kwani mkono hukariri mahali.

Kidole kikishindwa kabisa, pitisha chako safu kwa safu: “Hapa? Hapa?” Akitazama juu ni ndiyo, kisha kisanduku kwa kisanduku ndani ya safu hiyo. Wote nyumbani wafuate mpangilio uleule, bibi na wajomba pia, maana kila mtu akiwa na ishara yake, mtoto huchanganyikiwa.

Akishauzoea, ndipo tableti. Programu iwe inafanya kazi bila intaneti, inakubali kurekodi sauti kwa kila kisanduku, na ina mpangilio wa kuchelewesha mguso, ili kidole kinachopita tu kisiseme neno. Ibandike programu hiyo kwenye skrini kwa mipangilio ya tableti, asitoke kwa bahati mbaya, na visanduku 12 vikae palepale vilipokuwa kwenye karatasi. Sauti mrekodi binamu yake wa rika lake, awe msichana kama mwanao ni msichana, asiwe babake. Mrekodi chumbani, dirisha limefungwa. Barazani upepo wa kaskazi huingia kwenye maikrofoni na kumeza herufi za mwanzo.